Hii saini ni ya nani?

Mpwa wangu ana fulana nyeupe ambayo haivai wala haruhusu ifuliwe. Mgongoni ina alama moja ya makapeni nyeusi: kiduara kidogo, kisha mstari unashuka, unajikunja kama ndoana, halafu unakimbilia ubavuni na kupotelea kwenye mshono. Aliipata uwanja wa Gombani, hapa Pemba, Januari 2025, siku ambayo Zanzibar Heroes, timu ya taifa ya Zanzibar, iliifunga Burkina Faso 2-1 na kulibakisha Kombe la Mapinduzi nyumbani. Alirudi hana sauti, kiatu kimoja kimekatika, anasema kasainiwa.

Na nani? Akamtaja mfungaji. Mwenzake aliyekwenda naye akakataa, akasema yule alikuwa golikipa wa akiba. Dada yangu akaigeuza fulana huku na huku chini ya taa, akasema hapa hakuna mchezaji, hapa kuku kachakura. Ikaletwa kwangu, kwa vile mjomba kazi yake ni kupokea fomu za watu na kusoma miandiko ya kila namna. Niliitazama kwa dakika nzima. Nilichoweza kusema kwa yakini ni kwamba aliyeandika alitumia mkono wa kulia na alikuwa na haraka.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifikiria jambo ambalo watu wengi hulimaliza kwa sentensi moja: "Vijana wa siku hizi hawajui kuandika, simu zimewaharibu." Sentensi hiyo ina ukweli kidogo na uvivu mwingi. Ndani yake wamefungwa pamoja mwandiko, sahihi na kumbukumbu, vitu vilivyokuwa na njia zao mbalimbali tangu zamani.

Tuanze na neno lenyewe, maana Kiswahili kimetuwekea jibu mlangoni. Tuna saini, iliyotoka kwa Waingereza, na tuna sahihi, iliyotoka kwa Waarabu. Saini ni alama tu, lakini sahihi ni kitu kizima, kisicho na kasoro. Ukitia sahihi karatasi unaipa afya, unaifanya iwe ya kweli. Hakuna mahali neno hilo linaposema kuwa jina lako lazima lisomeke. Ndiyo maana dole gumba linakubalika kwa sheha na kwenye dirisha la malipo, ingawa sijamwona mtu anayesoma dole gumba. Kinachotakiwa ni alama iwe yako, na uwe umeiweka kwa hiari yako.

Wakubwa wa zamani walilijua hilo kuliko sisi. Masultani wa Kiothmani walikuwa na tughra, sahihi iliyosukwa kwa mistari mirefu na vitanzi hata mtu wa kawaida asiweze kuisoma, na ilikusudiwa iwe hivyo. Tena haikuchorwa na sultani mwenyewe, kulikuwa na afisa wa kazi hiyo. Leo ziko mashine zinazoshika kalamu na kutia saini ya kiongozi au mtu mashuhuri mamia ya mara huku mwenyewe yuko safarini, na tunashangaa kama kwamba ni uzushi wa juzi.

Huku kwetu tulikuwa na desturi nyingine. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inazungumzia deni: liandikwe, mwandishi aandike kwa uadilifu, na mashahidi wawili wawepo. Uzito uko kwa mwandishi na kwa mashahidi. Kwa hivyo nyaraka nyingi za zamani za Unguja na Pemba, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu hata pale lugha ilipokuwa Kiswahili, zilifungwa kwa majina yaliyoandikwa yakasomeka, na mara nyingi neno biyadihi likafuata, yaani "kwa mkono wake". Jina lilikuwa sehemu ya maandishi, kwa mwandiko uleule na kalamu ileile. Mtu wa namna hiyo mwandiko wake ndio uliokuwa sahihi yake.

Marehemu bibi yangu hakukaa skuli hata siku moja, lakini alisoma chuoni, yaani madrasa. Akiitwa kutia sahihi aliandika jina lake kwa Kiarabu, kutoka kulia, polepole, ncha ya ulimi ikimtoka pembeni mwa mdomo. Karani kijana alikuwa kashamsogezea pedi ya wino akidhani hajui kuandika. Bibi aliisukuma ile pedi kwa kidole kimoja, hakusema kitu, akaomba kalamu. Nusu ya pili ya karne ya 19, Edward Steere na wenzake wa misheni ya UMCA walipokuwa wakipiga chapa Kiswahili kwa herufi za Kirumi hapo Unguja, walifungua mlango mmoja, na baadaye mlango mwingine ukaanza kujifunga: watu waliokuwa na mwandiko mzuri wakahesabiwa hawana mwandiko kabisa. Nalitaja hili kwa sababu anayelia leo kwamba mwandiko unakufa hajui kuwa kwetu uliwahi kufa mmoja na hakuna aliyefanya matanga.

Sasa kalamu. Kalamu ya matete ya chuoni, au ya nibu baada yake, ina tabia zake. Inapenda kuvutwa, haipendi kusukumwa. Ukiikandamiza inamwaga, ukiharakisha inakwaruza. Inamlazimisha mwandishi apumzike kila herufi chache akachovye wino, na katika mapumziko hayo jicho linarudi kutazama lilichokifanya. Kisha akaja mwandishi wa habari wa Hungaria, László Bíró, aliyeipatia hakimiliki kalamu yake ya kijigololi mwaka 1938. Sisi tunalitaja jina lake kila siku tunapomtuma mtoto dukani akanunue biro. Mwaka 1950 Marcel Bich wa Ufaransa akaitoa ile biro rahisi ya plastiki inayoona ndani, na bei ikashuka hadi kila mfuko wa shati ukawa na moja. Kijigololi kinakwenda upande wowote na kwa mwendo wowote, hakimgombezi mtu. Uhuru huo ndio uliomwachia mwandishi aanze kukimbia.

Nchi nyingine ziliamua kwa makusudi kupunguza somo la mwandiko. Marekani, viwango vya pamoja vya elimu vilivyotolewa mwaka 2010 na kukubaliwa na majimbo mengi havikuutaja mwandiko wa kuunganisha. Finland iliuondoa kwenye masharti ya mtaala mwaka 2016 ikaweka mkazo kwenye kuandika kwa kibodi. Baadhi wamejuta: California ilipitisha sheria mwaka 2023 ya kuurudisha kwenye madarasa ya chini. Lakini ukinilinganishia hayo na Pemba nitakukatalia. Mtoto wa hapa anaandika kwa mkono asubuhi hadi mchana, na mitihani yake ya taifa anaifanya kwa mkono. Simu haijamfikia darasani. Na bado mwandiko wake, wengi wao, ni kazi kuusoma.

Sababu iko kwenye ubao. Darasa lina watoto wengi na kitabu kimoja, mwalimu anaandika somo lote ubaoni, nao wanalinakili kabla halijafutwa. Mtoto anayenakili kwa kukimbizwa na dasta hajifunzi mwandiko, anajifunza kunusurika. Nakumbuka daftari la mistari minne tulilopewa darasa la kwanza, herufi ndefu zikiguswa juu, fupi zikikaa katikati, mkia ukishuka chini. Tulilitumia muda mchache, tukakabidhiwa la mstari mmoja, na hapo kila mtu akaenda na njia yake. Imla ndiyo iliyotumaliza.

Hadi hapa tuna mwandiko tu. Mchezaji wa mpira ana mambo yake ya ziada.

Jaribu hesabu hii. Wachezaji wanatoka uwanjani, watoto mia mbili wamepanga ukuta, na basi linaunguruma. Jina kamili likiandikwa vizuri lichukue sekunde nane. Mara mia mbili, ni karibu dakika ishirini na saba. Alama ya sekunde mbili inamaliza kazi kwa dakika saba. Meneja wa timu anaangalia saa. Huhitaji nadharia ya kuporomoka kwa elimu kueleza kwa nini kijana yule alichora ndoana.

Halafu kuna kile alichoandikia. Fulana iko mwilini mwa mtoto anayerukaruka. Kitambaa kinavutika na kalamu. Mpira ni wa mviringo, mkono hauna pa kuegemea. Makapeni ina ncha nene inayojaza matumbo ya herufi, kwa hivyo a, e na o zote zinakuwa madoa. Makapeni ya Sharpie, ambayo wanamichezo wa Marekani wameizoea, ilianza kuuzwa mwaka 1964, na tangu hapo kalamu ya kumbukumbu ikawa ya kuandikia maboksi. Kwenye tenisi wameongeza kituko chao: mshindi anatia saini juu ya kioo cha kamera ya televisheni, na dunia nzima inaangalia mkorogo ukining'inia hewani.

Jambo jingine ni la mkono wenyewe. Ukirudia jina lako mara elfu kumi, mkono unaacha kuliandika, unalicheza kama hatua ya ngoma, mara moja bila kufikiri. Na kila unachocheza mara nyingi kinalika, kama pesa ya shaba iliyopita mikononi mwa wengi. Herufi za katikati ndizo zinazokwenda kwanza. Ya mwanzo hudumu kwa sababu ni kubwa, na mkia hudumu kwa sababu mkono unafurahi kumaliza. Kwa hivyo mchezaji mwenye saini mbovu anaweza kuwa na mwandiko mzuri kabisa kwenye barua kwa mama yake. Ukimhukumu mwandiko kwa kuangalia saini, umemhukumu mpishi kwa kuangalia sahani iliyokwisha liwa.

Biashara nayo ikaingia. Mwaka 1990 kampuni ya kadi za wachezaji ya Upper Deck, Marekani, ilificha ndani ya pakiti zake kadi 2,500 zilizotiwa saini na mchezaji wa besiboli Reggie Jackson. Aliyebahatika aliipata bila kukutana naye. Wenzao wakafuata, na leo mchezaji kijana anapewa mafurushi ya stika za kubandikwa kwenye kadi azitie saini hotelini, mbele ya televisheni, kwa mkataba. Sitegemei mtu aliyefika karatasi ya elfu mbili aendelee kuandika jina la baba yake.

Wapo waliogoma, na mimi niko upande wao. Harmon Killebrew, mpigaji wa besiboli wa Minnesota Twins aliyepiga home run 573, yaani mapigo yanayomwezesha mpigaji kuzunguka vituo vyote, na kufariki mwaka 2011, alijulikana kwa saini inayosomeka kila herufi. Akimwona mchezaji mdogo anakoroga alimwita pembeni. Torii Hunter, aliyekuja kuwa nyota wa timu hiyohiyo, amesimulia jinsi mzee alivyomuuliza hii ni nini ulichoandika, akamtaka aandike jina ambalo mtoto ataweza kulisoma. Mchezaji wa gofu Arnold Palmer alikuwa na msimamo kama huo. Hoja ya wazee hao haikuwa ya urembo wa herufi. Waliona kwamba aliyekuomba jina lako amekupa heshima ya kulitaka, nawe unamrudishia mkwaruzo.

Nasikia mtu akisema: lakini saini isiyosomeka ni ngumu kuighushi. Hapa watu wengi wamepotea njia, nami nilikuwa mmoja wao. Ni kinyume chake. Mtaalamu wa kuchunguza maandishi anahitaji pa kushika: urefu wa herufi, mahali kalamu iliponyanyuliwa, mkandamizo, namna herufi mbili zinavyoungana. Jina refu lililoandikwa vizuri lina vitu hivyo kwa makumi, na mghushi atajikwaa kwenye kimoja. Ndoana moja ina vitatu au vinne. Mtoto wa darasa la tano ataiiga ndani ya nusu saa. Miaka ya 1990 FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilianzisha operesheni iliyoitwa Bullpen kuwafuata waghushi wa saini za wanamichezo, ikafichua mtandao mkubwa California na kwingineko. Kadiri saini zinavyozidi kuwa fupi, ndivyo kazi ya wezi inavyozidi kuwa nyepesi. Kwa hivyo saini mbovu imeshindwa kuwa mwandiko, na haijawa sahihi imara vilevile.

Si kila saini iliyoharibika ni ya uzembe, lakini. Muhammad Ali, ambaye wazee wetu walimfuatilia redioni usiku wa manane, aligundulika na ugonjwa wa Parkinson mwaka 1984. Ugonjwa huo una kawaida ya kuufinya mwandiko: herufi zinaanza kwa ukubwa wake na kila neno linapokwenda zinasinyaa. Saini yake ya miaka ya mwisho ni ndogo, inatetemeka. Bado aliwasainia watu, na alikuwa na mazoea ya kutia saini vijitabu vya Uislamu ili anayetaka jina lake aondoke pia na kitu cha kusoma. Ukiweka saini yake ya 1964, mwaka aliobadili jina, pembeni ya ile ya uzeeni, unaona maisha ya mkono mzima. Hilo alama ya simu haiwezi kukuonyesha.

Na kuna kisa kinachoniambia zaidi kuhusu thamani ya mwandiko kuliko vyote. Tarehe 14 Disemba 2000, Barcelona, baba wa mtoto wa miaka kumi na tatu alikuwa amechoka kungoja. Carles Rexach, mkuu wa ufundi wa klabu, hakuwa na karatasi karibu, akavuta kitambaa cha karatasi cha kufutia mikono mezani, akaandika kwa biro ya buluu kwamba, mbele ya mashahidi wawili, na kwa dhamana yake ingawa wapo wanaopinga, anaahidi kumsajili mchezaji Lionel Messi. Mashahidi wakatia saini. Mwezi wa Mei 2024 kitambaa hicho kiliuzwa na kampuni ya mnada ya Bonhams kwa pauni 762,400. Saini ya Messi haimo. Kilichonunuliwa ni sentensi inayosomeka, tarehe na mashahidi wawili. Babu zangu wangeitambua hati hiyo mara moja, wangeuliza tu mbona imeandikwa kwenye kitambaa cha kufutia mafuta.

Sijasahau selfi. Ni kweli kwamba leo vijana wengi wanaomba picha kabla ya saini, na picha ina faida ambayo ndoana haina: uso unajulikana. Mpwa wangu angekuwa na simu siku ile, ubishi nyumbani usingekuwapo. Lakini picha huonyesha kwamba ulisimama karibu na mtu. Mwandiko huonyesha kwamba mtu yule, kwa muda mfupi, alikufanyia kazi wewe peke yako. Naona ndiyo sababu fulana haifuliwi, wakati picha alizopiga mwenzake zilifutika simu ilipojaa.

Nilimpa mpwa wangu ushauri mmoja tu. Siku nyingine usipeleke mgongo wako, peleka daftari, lifungue kwenye ukurasa safi, na usimwambie "nisainie". Mwambie, "Kaka, niandikie jina lako."

Miezi kadhaa baadaye alimkuta mchezaji mmoja wa ligi ya hapa Pemba, karibu na soko la Chake, anangoja pikipiki yake itiwe upepo. Nilikuwepo, nimesimama kando na mfuko wa ndimu. Mtoto akasema kama nilivyomfundisha. Yule kijana akalitazama daftari, akacheka, akauliza, "Lote?" Akalilaza juu ya siti ya pikipiki, akalinyoosha kwa kiganja, akaandika majina yake matatu juu ya mstari, taratibu, kama anajaza fomu ya kitambulisho. Herufi zake zilikuwa za mviringo, nzuri, za mtu aliyefundishwa. Kisha, bila kuombwa, akateremka mstari mmoja na mkono wake ukaruka: kiduara, mshuko, mkunjo kama ndoana.

Mpwa wangu akanitazama, nikamtazama. Tulifika nyumbani nusu mbio, ndimu zingine zikabaki njiani. Fulana ikatolewa kabatini, ikatandazwa juu ya mkeka pembeni ya daftari, na dada yangu akaleta miwani yake. Tuliinama watu wanne.

Ndoana ya kwenye fulana inajikunja kushoto. Ya daftarini inajikunja kulia.